Msimamizi amezikalia sura zangu: niende ofisi ya ombudsi?

Swali la msomaji, kwa kifupi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa nne, katika chuo kikuu cha serikali huku Marekani. Msimamizi wangu amezikalia sura mbili za tasnifu yangu tangu Oktoba. Makala iliyotokana na sampuli za udongo nilizochimba mwenyewe Handeni imepelekwa kwenye jarida, jina langu likiwa la tatu. Nilipomuuliza alinijibu, 'Tutaona kama fedha ya nafasi yako itakuwepo mwaka ujao.' Mratibu wa idara kaniambia niende ofisi ya ombudsi. Ni mahakama? Ni polisi wa chuo? Msimamizi akijua nimekwenda, viza yangu itakuwaje? Baba, ambaye ni mwalimu mstaafu, anataka kumwandikia mkuu wa chuo barua kali, nakala ubalozini Washington."

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale uliposema "nilizochimba mwenyewe". Mimi ni mtu wa Tanga. Najua udongo wa Handeni unavyokataa jembe wakati wa kiangazi. Basi jibu langu la kwanza ni hili: nenda kwenye ofisi hiyo. Nenda wiki hii, kabla barua ya baba haijaondoka Tanzania, na kabla wewe mwenyewe hujaandika malalamiko rasmi popote. Lakini uende ukijua unakwenda kwa nani. Nilifanya kazi hiyo miaka 14 katika chuo kimoja cha serikali hukohuko Marekani, na wengi niliowapokea walikuja wakitafuta kitu ambacho ofisi haina. Waliondoka wamekasirika, na kile ilichokuwa nacho hawakukiona.

Si mahakama: haina hakimu, haiandiki hukumu, haimlazimishi mtu kitu. Si polisi. Si ofisi ya ushauri nasaha, ingawa ukilia humo hutakuwa wa kwanza. Na ombudsi si wakili wako. Ni mtu aliyewekwa na chuo kumsikiliza yeyote mwenye mgogoro chuoni, awe mwanafunzi, mhadhiri au mfagizi, kwa siri, bila kuchukua upande, nje ya mkondo rasmi wa malalamiko. Kazi yake ni kukusaidia uzione njia zote zilizo mbele yako, na kila njia itakugharimu nini.

Neno lenyewe ni la Kiswidi, na historia yake inapita karibu na kwetu kuliko watu wanavyodhani. Mfalme Charles wa 12 wa Sweden, baada ya kushindwa vitani Poltava mwaka 1709, alikimbilia katika dola ya Uthmaniya akakaa huko miaka. Akiwa ugenini, mwaka 1713, aliagiza pawepo mtu wa kuwaangalia maofisa wake nyumbani kama wanafuata sheria. Wapo wanahistoria wanaosema wazo alilipata kwa wenyeji wake, kwa sababu dola za Kiislamu zilikuwa tangu zamani na baraza la mazalim, yaani la kusikiliza dhuluma, mahali ambapo raia alimshitaki ofisa aliyemdhulumu. Mwaka 1809 bunge la Sweden likaanzisha ombudsmani wake lenyewe, na huyo ndiye aliyeigwa duniani. Afrika, wa kwanza tulikuwa sisi Tanzania: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966, ambayo kazi yake leo iko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Lakini tume ya namna ile huchunguza serikali na kutoa mapendekezo. Ya vyuoni ni mtoto mwingine wa ukoo huohuo. Alizaliwa miaka ya 1960, wanafunzi walipokuwa wakiandamana kila kona na vyuo havikuwa na mlango wowote kati ya kunyamaza na kupiga mawe. Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, kilikuwa na ombudsi mwaka 1965, na waliompigania ni wanafunzi. Michigan State ilimweka wa kwake mwaka 1967, na ofisi ile ipo mpaka leo. Mwaka 1973 Mary Rowe alianza kazi MIT, na kwa sehemu kubwa ndiye aliyeipa kazi hii sura utakayoikuta kwenye korido yako.

Huwa nafikiria jambo moja kila ninapoutaja mwaka 1966. Ni mwaka uleule Tanzania ilipounda tume yake ndipo, mwezi Oktoba, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Nchi ilikuwa na mahali pa kumsikiliza mkulima aliyedhulumiwa na bwana shamba, ila chuo hakikuwa na mahali pa kijana mwenye hoja mbele ya wakubwa wake. Mimi niliingia chuo miaka mingi baadaye, na mahali hapo palikuwa bado hapapo. Rafiki yangu wa chumba kimoja alipotelewa na alama za somo moja. Mhadhiri akasema alizipeleka, ofisi ya mitihani ikasema haikuziona, mkuu wa idara akamwambia asubiri. Alisubiri mpaka jina lake likabandikwa kwenye orodha ya waliodisko, yaani walioondolewa masomoni. Hakuwa na adui hata mmoja katika jambo lile. Alikosa tu mtu mmoja wa kuzipitia ofisi tatu kwa siku moja na kuuliza karatasi iko wapi. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye kazi hii.

Sasa turudi kwako. Nguzo za kazi hii, kama chama cha kimataifa cha maombudsi kinavyozitaja, ni nne: kujitegemea, kutopendelea, usiri, na kutokuwa sehemu ya taratibu rasmi. Kujitegemea ni kwamba ombudsi hayumo chini ya idara yako wala kitivo chako. Mara nyingi anaripoti kwa rais wa chuo au kwa baraza, na ripoti hiyo ni ya takwimu na mienendo tu, bila majina. Hilo lisikuchoshe. Kutopendelea ndiko kunakowauma wenzetu zaidi.

Sisi tumezoea mshenga. Unapotaka kuoa au unapogombana na mkweo, unamtuma mtu mzima mwenye maneno, na mtu huyo ni wako. Anasema kwa niaba yako, anapamba, anavuta upande wako. Ugomvi wa mpaka wa shamba, tunakwenda kwa wazee, na wazee wanatoa neno: fulani alipe mbuzi. Ombudsi si mshenga na si mzee wa baraza. Hatasema msimamizi wako amekosea, hata kama moyoni anaona hivyo. Hatamwagiza arudishe sura. Nakumbuka nyuso za wanafunzi nilipokuwa nikieleza hili dakika ya kwanza ya mazungumzo. Ungedhani nimewafungia mlango.

Na bado nakwambia, binti yangu, udhaifu huo ndio ufunguo wake. Mtu asiyeweza kumhukumu profesa ndiye ambaye profesa atampokea simu bila kumwita wakili. Ukianza na malalamiko rasmi, siku hiyohiyo msimamizi wako anageuka mshitakiwa. Kila neno atakaloandika litapitiwa kwanza, na sura zako zitakuwa kielelezo katika faili badala ya kuwa kazi ya kusoma. Yawezekana mwisho ukashinda. Ila wewe unahitaji kumaliza shahada, na barua za kukupendekeza kazini zitatoka ndani ya fani hiyohiyo ndogo ambayo wote wanajuana.

Humo ndani utakaa kama saa moja. Atakueleza masharti yake, kisha atakuuliza unataka nini. Jiandae kwa swali hilo, maana ni gumu kuliko linavyosikika. Nimesoma barua yako nikaona mafundo matatu uliyoyafunga kwenye kitambaa kimoja, na kila fundo lina mwenyewe.

Fundo la kwanza ni sura. Hapa una nguvu kuliko unavyojua. Kwanza tazama mwongozo wa wanafunzi wa uzamivu wa idara yako. Baadhi huweka muda ambao msimamizi anatakiwa kurudisha maoni. Pili, una kamati ya tasnifu, na kamati si pambo la siku ya utetezi. Mjumbe mmoja anaweza kuombwa asome sura ya pili sasa hivi. Tatu, umewahi kumwandikia msimamizi ujumbe wenye tarehe ndani yake? Wengi wetu tumelelewa kutomharakisha mkubwa. Tunaandika, "Natumaini umepata nafasi ya kupitia," naye anasoma hapo kwamba hakuna haraka. Ombudsi atakaa nawe muandike pamoja mistari minne: sura mbili zilifika kwako tarehe fulani, nimepanga kutetea muhula fulani, ili niwahi ninahitaji maoni kabla ya tarehe fulani, naomba tukutane nusu saa tupange. Ni heshima tupu, lakini imeshika kalenda.

Sitakusimulia kisa cha mtu yeyote niliyemhudumia. Daftari zangu nilizichana kama kanuni inavyotaka, na yaliyobaki kichwani si yangu kuyatoa. Mfano huu nimeutunga, ila njia yake ni ya kweli, na katika kazi hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwanafunzi anakuja, hataki jina lake lijulikane kabisa. Ombudsi hamtaji. Anamwendea mkuu wa masomo ya uzamili na uzamivu na kumwambia: naona baadhi ya idara hazina muda uliowekwa wa kurudisha sura, na jambo hili linaleta matatizo, je, mnaweza kutoa waraka? Waraka unatoka kwa wahadhiri wote wa chuo. Msimamizi anaupata kama wenzake mia kadhaa, na hakuna aliyenyooshewa kidole. Pengine wiki mbili baadaye sura zinarudi. Lakini pima vizuri: kama maabara yenu ina wanafunzi watatu na ni wewe tu mwenye sura zilizokaliwa, waraka huo utakuwa na jina lako hata kama halikuandikwa. Mwambie ombudsi ukubwa wa maabara yenu, ndipo muamue. Asifanye hatua yoyote bila ruhusa yako. Hiyo ni haki yako, na ukiona haipo, simama utoke.

Fundo la pili ni jina lako kwenye makala, na hili ndilo lenye saa inayokimbia. Kubadili mpangilio wa majina kabla makala haijakubaliwa ni jambo la barua moja kutoka kwa waandishi. Baada ya kuchapishwa, jarida litataka waandishi wote wakubaliane, na mmoja akikataa unabaki hapohapo. Majarida hayataki kuwa hakimu katika ugomvi wa namna hii. Mengi yataurudisha kwa chuo. Na jihadhari na neno "wizi". Najua linavyokujia mdomoni. Lakini baadhi ya kanuni za serikali ya Marekani kuhusu udanganyifu wa kitaaluma zinatenga mizozo ya majina ya waandishi kati ya watu walioshirikiana. Haihesabiwi kuwa wizi wa maandishi. Ukipeleka shitaka la wizi kwenye ofisi ya maadili ya utafiti kwa sababu ya kuwa wa tatu badala ya wa kwanza, yaelekea litarudishwa, na utakuwa umetumia risasi uliyokuwa nayo. Ugomvi wa namna hii ndio hasa wa meza ya ombudsi. Andika nani alibuni swali, nani alichimba, nani alipima, nani alichambua, nani aliandika rasimu. Weka na barua pepe zilizopita kati yenu kabla ya utafiti, hata ile ya mzaha. Pengine mliahidiana. Pengine hamkuwahi kusemezana kabisa, na msimamizi alifuata mila ya fani yake bila kukueleza. Nimeona yote mawili, na dawa zake si moja.

Fundo la tatu ni ile kauli ya fedha. Hapa sauti yangu inabadilika kidogo. Inawezekana alisema kwa uchovu, ruzuku ya maabara inaisha kweli naye hajui atafanyaje. Inawezekana pia ni kitisho: umeuliza jina lako, nakuonyesha mkate wako. Ombudsi hawezi kukuambia ni lipi, ila anaweza kukuuliza maswali yatakayokuonyesha. Ilisemwa saa ngapi, mbele ya nani, baada ya neno gani? Iandike leo usiku kama ilivyotamkwa, kwa lugha iliyotamkwa, na tarehe. Tafuta barua yako ya udahili iliyoahidi fedha, uone imeahidi miaka mingapi. Na uliza kama wanafunzi wanaofanya kazi chuoni kwenu wana chama cha wafanyakazi. Kama kipo, mkataba wake una njia yake ya kulalamika na siku zake, na mara nyingi siku hizo ni chache mno.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo ningetaka ulikariri hata ukisahau mengine yote. Kumwambia ombudsi si kukiambia chuo. Kwa sababu ofisi iko nje ya taratibu rasmi, chuo hakihesabiwi kuwa kimepewa taarifa unapozungumza naye. Na siku za kufungua malalamiko rasmi au rufaa zinaendelea kuhesabika wakati mkizungumza. Nimeona mtu mwema, mwenye haki yake wazi, akitumia wiki tisa katika mazungumzo mazuri, kisha akaambiwa dirisha la malalamiko lilifungwa wiki ya nane. Kabla hujakanyaga ofisi ile, fungua mwongozo, tafuta muda wa kulalamika kuhusu masomo na muda wa kulalamika kuhusu kazi, hesabu kuanzia siku kauli ya fedha ilipotoka, uandike tarehe zote mbili ukutani. Ikifika wiki moja kabla bila suluhu, wasilisha rasmi. Hutakuwa umemkosea ombudsi. Atakuwa wa kwanza kukuelewa.

Kuhusu siri. Anachosikia hakitoki bila idhini yako, isipokuwa akiona kuna hatari ya karibu ya mtu kudhurika vibaya. Hakuna jalada lenye jina lako, ndiyo maana kumbukumbu zote uziweke wewe. Usimtumie kisa kwa barua pepe ya chuo: seva ni za chuo, na katika chuo cha serikali maandishi yanaweza kuombwa kwa sheria ya kumbukumbu za umma. Andika tu, "Naomba nafasi ya kuonana nawe," basi.

Ila nisikudanganye kwamba siri hiyo haina pa kuvunjikia. Mahakama za Marekani hazijakubaliana. Katika kesi mbili zilizohusu kampuni moja ya kutengeneza ndege, McDonnell Douglas, mwaka 1991 mahakama ya shirikisho huko Missouri ilikubali kulinda alichoambiwa ombudsi. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa inayosimamia eneo hilohilo ikakataa, ikasema kampuni haijathibitisha kwa nini siri hiyo ipewe kinga. Hizo zilikuwa za kazini, si za chuoni, lakini ndizo wanasheria wanazozisoma mpaka leo. Kwa mgogoro wa sura na majina sidhani utafika huko. Nakuambia ili uamini kwa macho wazi.

Viza. Ombudsi hana uhusiano wowote na kumbukumbu za uhamiaji. Anayezigusa ni ofisa wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na yeye anaangalia mambo maalumu: umejiandikisha masomo ya kutosha, umebadili programu, umeacha, chanzo cha fedha kilichoandikwa kwenye I-20, ile fomu ya chuo unayoombea viza, kimebadilika. Kulalamika hakumo. Kubadili msimamizi ndani ya programu ileile, kwa peke yake, hakumo. Kinachowaangusha wenzetu ni hasira: mtu anagombana Jumatatu, Jumanne anafuta masomo kwenye mfumo ili "apumzike". Kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, kupunguza masomo bila idhini ya ofisa huyo kwanza kunavunja hadhi yako. Na ukijiondoa kwa idhini, unapewa siku 15 tu za kuondoka nchini. Basi usiguse usajili wako, hata kwa siku moja, kabla hujaonana naye. Na fedha ya nafasi ikikatika kweli, mwone mapema, usingoje muhula uanze.

Kuna wakati ningekuzuia usianzie kwa ombudsi. Kama msimamizi angekuwa ametaka mwili wako ili arudishe sura, hilo si la kupatanishwa. Huko lina ofisi yake na utaratibu wa lazima, na kwetu Tanzania rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya sheria ya TAKUKURU ya mwaka 2007. Hata hapo ombudsi anaweza kukueleza njia kabla hujachagua, lakini uliza kwanza kabisa, kabla ya kutaja tukio, kama sera ya chuo chenu inamlazimu kuripoti. Pia kama unachotaka ni mtu aadhibiwe, usimpotezee muda wake wala wako.

Na uijue mipaka ya ofisi yenyewe mbele ya wakubwa. Mwaka 2020 ripoti ya ombudi, ndivyo wanavyomwita ombudsi huko, wa Chuo Kikuu cha Cape Town ilisema watu walikuwa wakifika kwake kulalamikia namna makamu mkuu wa chuo alivyowatendea. Baraza la chuo likajibu kwamba ombudi amevuka mipaka ya mamlaka yake. Hakuwa na meno. Alikuwa na ripoti yake ya mwaka tu, na kuitoa kulimgharimu. Miaka mitatu baadaye makamu mkuu alishaondoka kwa makubaliano, na jopo lililoongozwa na jaji mstaafu Lex Mpati likawa limetoa ripoti nzito juu ya uongozi wa chuo kile. Namheshimu sana ombudi yule. Msimamizi wako si makamu mkuu, kwa hiyo upepo wako ni mwepesi zaidi. Ila unapokwenda, uliza: unaripoti kwa nani, na umekaa hapa muda gani? Ombudsi mzuri hujibu bila kujikunja.

Wenzako walio Uingereza wasifuate jibu hili neno kwa neno. England na Wales wana ofisi huru ya kuamua malalamiko ya wanafunzi, OIA, iliyoteuliwa chini ya sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2004. Hiyo huingia baada ya chuo kumaliza taratibu zake na kumpa mwanafunzi barua ya kumaliza, na kutoka hapo ana miezi 12. Canada ombudsi wa baadhi ya vyuo huchunguza na kupendekeza, si kusikiliza tu. Na kwa walio nyumbani, mshauri wa wanafunzi hufanya sehemu ya kazi hii na wapo wanaoifanya kwa moyo. Lakini ofisi yake imo ndani ya utawala, na pengine yeye huyohuyo hukaa kwenye kamati ya nidhamu. Mtu akiwa na mgogoro na utawala wenyewe, ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Ningependa nione vyuo vyetu vikimweka mtu mmoja asiye na kiti katika kamati yoyote, chumba chenye mlango unaofungika, na haki ya kuuliza ofisi yoyote karatasi iko wapi. Gharama yake ni mshahara mmoja.

Nimebakiza baba. Namwelewa vizuri sana. Mimi pia nina binti mbali. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Ubalozi hauna mamlaka juu ya tasnifu yako, na mkuu wa chuo akipata barua ya mzazi ataishusha kwa mkuu wa kitivo, naye kwa mkuu wa idara, naye ataiweka mezani kwa msimamizi wako. Kwa chuo cha kule wewe ni mtu mzima, na bila ruhusa yako ya maandishi hawatamjibu baba lolote la maana kuhusu masomo yako. Mpigie simu jioni ya kwao. Barua usimnyang'anye, mwombe tu aiweke kwanza. Mpe kazi nyingine anayoiweza kuliko mtu yeyote. Mwalimu mstaafu ana jicho la tarehe na maneno. Asome ukurasa mmoja wa matukio utakaomwandikia, kuanzia siku ya kwanza ulipochimba Handeni mpaka kauli ya fedha, na akuulize kila mahali asipoelewa. Ukurasa huo ukishanyooka, ndio utakaouchukua mkononi kwa ombudsi, nakala moja, na ukitoka utoke nao.